Hodi ya Volti Moja na Ushei

Neno kizingiti sote tulilikuta nyumbani kabla ya kulikuta kitabuni. Ni ule ubao wa chini ya mlango, ambao bibi yangu hakutaka mtoto aukalie, eti anazuia riziki isiingie. Mgeni mwenye adabu hasimami juu yake. Anabisha hodi akiwa nje. Akiitikiwa karibu anavuka, asipoitikiwa anarudi zake. Ama yuko ndani ama yuko nje. Sikujua kwamba neno hili hili lingekuja kunikosesha usingizi wiki tatu nzima, likiwa ndani ya kidude kisichozidi nusu ya punje ya mchele, na kwamba jina zuri la mtu mzima lingekuwa limening'inia hapo hapo.

Ndugu msomaji, najua gazeti letu hili ni la watu wa mashairi na hadithi, na mimi ni mmoja wao. Riwaya yangu ina sura nne na mwisho wake hauonekani hata kwa darubini. Lakini tumbo halisomi riwaya. Tangu nimalize kidato cha nne nashinda kwenye kibanda cha mjomba wangu hapa Tanga, anatengeneza redio, chaja, taa za sola na chochote kinacholetwa kimefungwa kwenye mfuko. Kazi yangu ni kufungua skurubu, kushika tochi, na kusoma zile karatasi za maelezo za Kiingereza ambazo yeye hana subira nazo. Mikono yake inajua mengi kuliko karatasi, lakini zipo siku karatasi nayo ina neno.

Siku hiyo ilikuwa Julai 2023. Alikuja mama mmoja kutoka Lushoto, ameshuka kwenye basi moja kwa moja hadi kwetu, amebeba boksi la chuma lililofungwa kwa kanga kama mtoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Fundi yupo?"

Boksi lilikuwa la kuendeshea mashine ya kutotolea vifaranga. Mashine yenyewe ni sanduku la mbao la mayai 60, linapashwa joto na balbu nne za gari, nazo zinakula betri ya sola. Kipimo cha joto kikisema mayai yamepoa, boksi linawasha balbu. Yakifika digrii 37 na nusu, linazima. Hivyo hivyo siku 21, usiku na mchana. Ni mali ya kikundi cha akina mama. Huyu alikuwa mweka hazina wao, na mashine ilikaa kwake, chumba cha pili.

Januari walipata vifaranga 47, kikundi kikaimba. Mzunguko wa Mei wakapata tisa. Wa Juni hata mmoja. Walipopasua mayai wakakuta vifaranga vimefia ndani, vingine vimeshaota manyoya.

"Wenzangu wanasema nalala," alituambia. "Wanasema taa zinazimika usiku na mimi nakoroma. Fundi, mimi silali. Hilo boksi nimelisikia alfajiri kwa masikio yangu haya, linagonga meno kama mtu mwenye homa. Ta-ta-ta-ta. Nikiamka nikakoleza jiko, chumba kikapata moto, linanyamaza. Wakija saa nne asubuhi linawaangalia tu, zima kabisa. Sasa nani ataniamini?"

Daftari la hazina walikuwa wameshamnyang'anya. Hilo alilisema mwisho, akiangalia pembeni.

Mjomba akaliunganisha boksi mezani. Likafanya kazi. Tukaliacha mchana kutwa na usiku kucha, siku tatu, halikukosea hata mara moja. Kuna fundi mwingine huko huko milimani alikuwa ameitwa na kikundi saa sita mchana, akalipima, akasema boksi ni zima. Yaani ushahidi wote ulikuwa dhidi ya yule mama, na sasa sisi tulikuwa tunauongeza.

Hapa sina budi nieleze kidogo, maana bila hivyo hadithi haiendi. Ndani ya boksi lile kulikuwa na regyuleta. Kazi ya regyuleta ni kupokea volti zinazoyumba na kutoa volti chache zilizotulia. Betri inaweza kuwa 12, ikawa 14 jua likiwaka, ikashuka 11 na kitu usiku. Vifaa vidogo vya ndani vinataka 3.3, basi, siku zote. Regyuleta za aina hii, ambazo Waingereza huziita za linia, hufanya kama mkono ulioshika koki: maji yakija kwa nguvu unakaza, yakipungua unalegeza, na ziada yote inatoka kama joto. Ndiyo maana ukiigusa unaweza kuungua.

Za zamani zina miguu mitatu tu: pa kuingilia, pa kutokea, na pa ardhi. LM109 ya mwaka 1969, kazi ya Robert Widlar wa kampuni ya National Semiconductor ya wakati huo, ilikuwa ya namna hiyo, na 7805 ambayo kila fundi wa uswahilini anaijua iko hivyo hivyo mpaka leo. Mashine ya miguu mitatu haina hiari. Ukiipa umeme inafanya kazi, ukiunyima inalala. Lakini watu walipoanza kubeba vifaa vya betri mifukoni, ikatakiwa regyuleta inayoweza kuambiwa "sasa pumzika" bila kukatiwa waya. Ukaongezwa mguu mwingine. Kwenye karatasi utauona umeandikwa EN, au ON/OFF, au SHDN. Mjomba anauita mguu wa swichi. Mimi nauita mguu wa hodi, na kwa nini nauita hivyo mtaona.

Mguu huu haubebi mzigo. Unasikiliza tu. Ukiupa volti za juu, regyuleta inafunguka; ukiupa za chini, inafunga. Vizuri. Lakini juu ni wapi, na chini ni wapi? Hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu mimi shuleni nilifundishwa kwamba vifaa vya kisasa vinajua mambo mawili tu, sifuri na moja. Kumbe kwenye waya hakuna sifuri wala moja. Kuna volti, na volti ni kama maji kwenye ndoo, inaweza kuwa kiasi chochote. Sifuri na moja ni mapatano ya watu.

Nikaitafuta karatasi ya chipu ile kwa herufi zilizochorwa mgongoni mwake, nikaipata, nikamsomea mjomba. Mstari wa mguu wa EN ulikuwa na tarakimu mbili. Chini ya volti 0.4, regyuleta imezimwa. Juu ya volti 2.0, regyuleta imewashwa.

"Na katikati?" akauliza.

Nikatafuta ukurasa mzima, nikageuza, nikatafuta mwingine. Hakuna kitu.

"Basi hapo hawakuahidi," akasema, akaendelea kunywa chai yake.

Nilidhani anatania, kumbe ndiyo siri yote ya jambo hili. Tarakimu zile mbili hazisemi mlango uko wapi. Zinasema: ukifika hapa, twakuhakikishia umeingia, ukibaki kule, twakuhakikishia hujaingia. Mlango wenyewe uko mahali fulani kati ya 0.4 na 2.0, na kila chipu inayotoka kiwandani ina mahali pake. Wanajua haziwezi kulingana, kwa hiyo wamechora uwanja mpana na kusema humu ndani msituulize. Kwenye karatasi nyingi pia kuna safu ya katikati inayosema "kwa kawaida". Watu wengi hukimbilia safu hiyo kwa sababu ina namba nzuri. Mimi naiona kama maneno ya mchumba: matamu, lakini mahari hayajatajwa. Safu za pembeni, ya chini kabisa na ya juu kabisa, ndizo mkataba.

Na mikataba haifanani. Nilisoma karatasi nyingine nyingi wiki ile, we acha tu. LP2985 inataka 1.6 au zaidi ili iwake, na kuizima ni lazima ushuke mpaka 0.15, yaani karibu na ardhi kabisa. Mtu aliyezoea ile nyingine akiipa 0.3 akidhani ameizima, hajaizima, au ameizima leo na kesho haitazimika. Tena LP2951 imegeuka kichwa chini miguu juu: chini ya 0.7 ndipo inawaka, juu ya 2.0 ndipo inazima. LM2941 vivyo hivyo, chini ya 0.8 inawaka. Kuna nyumba ukibisha hodi kwa sauti ndiyo wanafunga mlango! Ukiitoa moja ukaweka nyingine bila kusoma, unaweza kulaumu betri, waya, na hata wachawi.

Zile 0.8 na 2.0 zina ukoo wao. Zilitoka kwa vifaa vya mantiki vilivyoitwa TTL, vya miaka ya 1960, vilivyotumia volti 5. Mapatano yao yalikuwa mazuri kiasi kwamba niliyaandika kwenye daftari langu la riwaya. Anayetuma neno "hapana" ni lazima ashuke hadi 0.4 au chini. Anayepokea analazimika kuitambua hapana hata ikiwa imefika 0.8. Anayetuma "ndiyo" apande hadi 2.4, anayepokea aitambue hata ikichakaa njiani mpaka 2.0. Mtoaji anaahidi zaidi ya kile mpokeaji anachodai, na hiyo tofauti ya 0.4 kila upande ndiyo sadaka ya njia, kwa ajili ya kelele na waya mbovu. Siku hizi kuna vifaa vinavyotumia volti 1.8 tu, "ndiyo" yao yote haifiki 2.0, na ndiyo maana regyuleta nyingi mpya zinakubali 1.5 au 1.2. Ukiikutanisha akili ya 1.8 na mguu unaodai 2.0, mezani vitapatana siku tisini na tisa.

Turudi kwenye boksi. Waliolitengeneza sitawataja, na wala jina lao halisomeki vizuri pale ubavuni. Walitaka betri ikichoka sana boksi lijizime lenyewe ili betri isife. Nia njema. Lakini badala ya kuweka kifaa cha kupima betri, walichukua rezista mbili, moja ya kilo-omu 100 na moja ya 12, wakazipanga kutoka betri hadi ardhi, na pale zinapokutana wakaunganisha mguu wa EN. Hesabu yake ni ya darasa la saba: gawanya 12 kwa 112, zidisha kwa volti za betri. Betri ikiwa 12.6, mguu unapata 1.35. Ikiwa 11, unapata 1.18. Bila shaka walipima chipu moja mezani kwao, wakaona inazima karibu na 1.2, wakasema alhamdulillahi, tumepata mlinzi wa betri kwa bei ya pipi.

"Tazama," mjomba akaniambia, "piga hesabu betri ikijaa kabisa, jua la saa saba, 14.4."

Nikapiga. 1.54.

Yaani tangu lizaliwe, boksi lile halikuwahi kufika 2.0 hata siku moja. Maisha yake yote lilikuwa limekaa juu ya kizingiti, pale pale bibi yangu alipotukataza.

Mita ilionyesha pungufu kidogo ya hesabu: 1.31 badala ya 1.35. Mguu nao unakunywa. Kunywa kwenyewe ni maikroampia 4 hivi, kitu kidogo mno, lakini kikipita kwenye rezista kubwa kinaacha alama. Ndiyo maana mtu akiunganisha mguu wa aina hii kwa rezista ya mega-omu moja ili eti asipoteze umeme, anaweza kushangaa hodi haifiki kabisa.

Sasa baridi. Hapo mjomba alikuwa ameshanusa tangu yule mama aliposema habari ya jiko, ila hakusema. Transista ya silikoni hudai kama volti 0.6 kwenye beseni yake kabla haijaamka, na dai hilo hupanda kama milivolti 2 kwa kila digrii moja ya joto inayoshuka. Ndani ya chipu yetu ilionekana kana kwamba zimepangwa mbili mfululizo: 1.2, na milivolti 4 kwa digrii. Kwa joto la Tanga la digrii 30, tulipandisha volti za mguu polepole, regyuleta ikawaka kwenye 1.20. Kisha mjomba akanituma kwa wauza samaki nikanunue barafu. Tukalifunga boksi kwenye mfuko wa nailoni, tukalizungushia barafu, kipimajoto kikawekwa kando ya chipu, tukangoja. Kwa digrii 14, regyuleta ikakataa 1.20. Ikakataa 1.23. Ikawaka kwenye 1.26.

Milivolti 60. Ukiniuliza mwaka juzi ningekwambia hicho si kitu.

Lakini fikiria Lushoto alfajiri, kipupwe, boksi limepigiliwa ukutani upande wa nje wa mashine ambako hakuna joto la balbu. Betri imefanya kazi usiku kucha. Balbu zikiwa zimezimwa ina 12.2, na mguu unapata 1.27. Imetosha: regyuleta inafunguka, akili ya boksi inaamka, inaona mayai yamepoa, inawasha balbu nne. Balbu zinavuta ampia tatu na kitu, betri iliyochoka inashuka hadi 12.0, mguu unapata 1.25. Haitoshi: regyuleta inafunga, relei inaachia, balbu zinazima. Betri ikipumua inarudi 12.2. Inafunguka tena. Inafunga. Ta-ta-ta-ta. Karatasi ya LP2985 inaonya waziwazi kwamba hodi ipande au ishuke kwa haraka, si chini ya milivolti 40 kwa kila maikrosekunde, isije ikakawia mlangoni. Betri ya Lushoto inachukua usiku mzima kushuka nusu volti. Na Januari? Januari kulikuwa na joto, na betri ilikuwa mpya. Ndiyo wale 47.

Tulipanga yote mezani: betri ya zamani, waya mrefu mwembamba, balbu nne, barafu. Kipimajoto kiliposhuka chini ya 15 boksi likaanza kugonga meno. Mjomba hakusema neno. Akachukua simu yake, akampigia yule mama, akaiweka karibu na boksi, akaiacha hapo.

Kwa muda hatukusikia kitu upande wa pili. Kisha sauti yake ikaja, ndogo sana.

"Huyo. Huyo huyo, fundi. Mwanangu, umemsikia? Ndiye huyo."

Mjomba akaniambia niandike barua, isomwe kwenye kikao cha kikundi siku ya Jumapili. Hapo ndipo nilipojua kazi ya kuandika ni nini. Nina daftari limejaa maneno mazuri, na hakuna hata moja lililonisaidia. Kiswahili sanifu kina neno mantiki, nami nalipenda; lakini ukiwaambia akina mama waliopoteza mayai ya mizunguko miwili kwamba kulikuwa na tatizo la kizingiti cha mantiki, watakuitikia kwa heshima na kuendelea kuamini kwamba mwenzao alilala. Tena barua haikutakiwa iwe ya kuombea mtu msamaha. Ilitakiwa iwe ya kueleza, kiasi kwamba mtu akimaliza kuisikiliza aone mwenyewe kwamba usingizi haumo. Nikaanza mara tano. Mwishowe niliandika hivi, na nainakili hapa sehemu tu:

"Ndani ya boksi lenu yuko bawabu. Bawabu huyu amepewa amri mbili. Akisikia hodi ya volti 2 afungue. Akisikia hodi isiyofika nusu volti afunge. Kwa hodi ya katikati hakupewa amri, anaamua mwenyewe. Boksi lenu lilitengenezwa libishe hodi ya volti moja na ushei, mchana na usiku, betri ikiwa imejaa au imepungua. Mchana kwenye joto bawabu huisikia. Alfajiri kwenye baridi masikio yake huwa mazito, na saa hiyo hiyo sauti ya betri nayo imeshuka. Anafungua, anafunga, anafungua, anafunga. Hiyo ndiyo sauti ambayo mweka hazina wenu aliisikia. Sisi tumeisikia pia hapa Tanga, kwa kuzungushia boksi barafu, na tuko tayari kumwonyesha yeyote atakayekuja. Mtu hata akikesha macho yake yakiwa yameelekezwa kwenye boksi, hawezi kumzuia bawabu huyu, isipokuwa kwa kuwasha jiko, na hilo mwenzenu alilifanya."

Mjomba aliisoma mara mbili. Akasema nifute "na ushei" niweke namba. Nilikataa. Namba ziko chini ya barua, kwenye jedwali, kwa atakayezitaka.

Kutengeneza kwenyewe kulichukua mchana mmoja. Dawa ni kutenganisha kazi mbili: wa kupima betri apime betri, na wa kubisha hodi abishe hodi ya kweli. Mjomba alitoa TL431 kwenye chaja iliyokufa. Hiki ni kidude cha miguu mitatu kinachojua volti 2.5 kwa uhakika na hakijali sana baridi. Lakini nacho kina kitimbi: kikiwaka, mguu wake haushuki hadi sifuri, unaishia kama volti 2. Ukiuunganisha moja kwa moja na EN, "hapana" yake itasikika kama "ndiyo". Wengi hunaswa hapo. Kwa hiyo akaweka transista ya PNP katikati, ili mguu wa EN upate ama volti zote za betri, ambazo karatasi ya chipu ile inaruhusu, ama ardhi kupitia rezista. Hakuna tena ushei. Halafu akarudisha rezista moja kubwa kutoka kwenye EN hadi kwenye TL431, ili ikishawaka isikubali kuzimika kwa urahisi, na ikishazima isikubali kuwaka kwa urahisi. Inazima betri ikishuka hadi 11.4, haiwaki tena mpaka irudi 12.2. Kati ya namba hizo mbili inabaki vile ilivyokuwa. Huo ni uwanja wa katikati pia, lakini huu una amri.

Kuna chipu za siku hizi ambazo kizingiti cha EN kimepimwa kwa makini kiwandani na karatasi inakitaja kwa upana mdogo, pamoja na pengo la kuwaka na kuzima. Hizo zimeruhusiwa kufanya kazi ile ya rezista mbili. Ila hatukuwa nazo, na basi la Lushoto linaondoka asubuhi.

Barua ilisomwa. Yule mama alitupigia jioni ya Jumapili. Daftari la hazina alirudishiwa pale pale kikaoni, bila hotuba. Mzee mmoja wa kikundi, bibi wa makamo ya bibi yangu, aliuliza swali moja tu: huyo bawabu mpya mmemwajiri kwa mshahara gani? Wakacheka sana. Mwishoni mwa Agosti alipiga tena, akasema 44.

Tangu hapo habari imesambaa na tumeletewa maboksi mengine matatu ya kabila lile lile, chipu ni ile ile, herufi mgongoni ni zile zile. Tulizipima kwa digrii 30. Moja ilifungua kwenye 1.17, nyingine 1.22, ya tatu 1.31. Hiyo ya 1.31 ilitoka Korogwe, kwenye joto, na wenyewe walikuwa wameshanunua betri mpya mara mbili kwa sababu kila mtu aliwaambia betri ndiyo mbovu. Mwenye ile ya 1.17 alikuja kwa kusikia tu, anatoka juu kabisa milimani, na boksi lake halijawahi kumsumbua hata siku moja. Alisimama mlangoni mikono kiunoni, akauliza kwa nini afunguliwe kitu kizima.

Mjomba akamvutia kiti, akaniambia niende kwa wauza samaki.